Mvinyo tuliouonja penye muziki haukuwa uleule nyumbani: kosa lilikuwa wapi?

Msafiri wa Jumamosi (mleta mada)

Ndugu wanajamvi, nawasalimu. Ninaomba mawazo ya wenye uzoefu wa kutembelea viwanda vidogo vya mvinyo, vile ambavyo familia moja hulima mizabibu yake, hukamua zabibu zake na kujaza chupa pale pale, kisha mwisho wa juma huwafungulia wageni milango ili waonje huku bendi ikitumbuiza uani.

Mwezi uliopita tulikwenda watu watatu: mimi, dada yangu na mume wangu. Mume wangu hanywi kilevi kabisa, lakini ni mpenzi mkubwa wa muziki unaopigwa mbele ya macho yake, na ndiye aliyetuendesha. Tulifika alasiri bendi ikiwa imekwisha kuanza, na meza pekee iliyokuwa wazi ilikuwa hatua tano au sita kutoka kwenye spika. Mwenyeji wetu alituletea ubao wenye glasi tano kwa kila mwonjaji, akaanza kutueleza habari za kila moja, nasi tukawa tunaitikia kwa kichwa ingawa hatukusikia hata nusu ya maneno yake. Glasi ya nne, ya mvinyo mwekundu, ndiyo iliyotuteka. Nakumbuka vizuri kwamba jua lilikuwa linatua nyuma ya safu za mizabibu, mwimbaji alikuwa katika wimbo wa taratibu, na ule mvinyo ulipita kooni laini, ukiwa na harufu ya matunda yaliyoiva sana. Tulinunua chupa nne bila hata kushauriana.

Juma lililofuata nilifungua chupa ya kwanza jikoni baada ya chakula cha jioni, nikiwa na dada yangu. Haukuwa mvinyo uleule. Ulikuwa mkali, ulikausha ulimi na fizi, na kilevi kilichoma puani kabla hatujameza. Nilitazama lebo: jina ni lile lile, na mwaka wa mavuno ni ule ule nilioupiga picha kiwandani. Sitaki kumdhania mtu mabaya, kwa sababu watu wale walitupokea kwa ukarimu wa kweli. Nataka tu kuelewa kilichotokea, maana tumekubaliana kurudi mwezi ujao na safari hii ningependa twende kwa mpangilio.

Kwa hiyo ninauliza: je, inawezekana muziki na mandhari vikabadilisha ladha kiasi hicho, au kuna jambo jingine? Tuonje kwanza au tusikilize muziki kwanza? Na mtu asiyekunywa kama mume wangu anaweza kushirikije bila kubaki mtazamaji na mlinzi wa funguo za gari?

Kizibo

Pole kwa masikitiko hayo, mleta mada. Nimefanya kazi katika ghala la kiwanda kidogo kwa misimu kadhaa, na lalamiko kama lako nimelisikia mara nyingi kutoka kwa wageni waaminifu kabisa. Kwa jinsi ulivyoeleza, naamini chupa zako zina mvinyo uleule uliouonja. Kilichobadilika ni mambo yanayouzunguka, na nitaanza na joto kwa sababu ndilo linalosahaulika kuliko yote.

Mvinyo mwekundu huonjwa vizuri ukiwa kati ya nyuzijoto 14 na 18 za Selsiasi, na mweupe kati ya 7 na 13 hivi. Kiwandani chupa hutolewa ghalani, mahali penye ubaridi wa kudumu, na huletwa mezani muda mfupi kabla ya kumiminwa. Jikoni, baada ya kupika, hewa inaweza kufika nyuzijoto 27 au 28 bila wewe kuhisi, na chupa iliyokaa kabatini siku nzima hufika hapo pamoja nayo. Katika joto hilo kilevi huvukiza haraka, hutangulia puani na kufunika harufu ya matunda, na huo ndio mchomo uliouhisi kabla ya kumeza. Watu hushtuka wakiambiwa watie mvinyo mwekundu kwenye jokofu, lakini dakika 20 hadi 30 kabla ya kumimina hazina madhara yoyote, na mara nyingi hurudisha ile sura uliyoikuta kiwandani.

Jambo la pili ni chakula. Je, ule ubao wa glasi tano ulikuja na vipande vya jibini? Ninauliza kwa sababu ukausho ulioueleza, ule ukakasi wa ulimi na fizi kama wa chai kavu iliyochemka mno, hutokana na tanini. Tanini hutoka katika maganda, mbegu na vikonyo vya zabibu. Zabibu nyeusi zilizo nyingi zina maji yasiyo na rangi ndani. Wekundu wote uko kwenye ganda, na ndiyo maana mvinyo mwekundu huachwa uchachuke pamoja na maganda yake kwa siku kadhaa au majuma, ilhali zabibu za mvinyo mweupe hukamuliwa kwanza na maganda yakaondolewa. Tanini ikifika kinywani hushikana na protini za mate, yale mate yanayolainisha kinywa hupungua, na ulimi huanza kukwaruza. Ukiwa na jibini kinywani, tanini hupata protini na mafuta mengine ya kushikana nayo, na mvinyo uleule huonekana laini. Bila jibini, unakutana nao ulivyo.

Tatu, hiyo ilikuwa glasi ya nne. Kila glasi huonjwa katika kivuli cha ile iliyoitangulia, na ndiyo sababu mpangilio wa kawaida huenda kutoka mwepesi kwenda mzito, kutoka mkavu kwenda mtamu, na mweupe hutangulia mwekundu. Ukitoka kwenye mvinyo mweupe wenye uchachu mkali, mwekundu utakaofuata utakuja umepoa kinywani. Vilevile kufikia glasi ya nne, kama mlikuwa mnameza kila tone, hukumu yenu ilikuwa imekwisha kulegea kidogo. Hilo halihitaji ulevi. Linahitaji kilevi kidogo tu na jua la jioni.

Nne, na hapa naomba unijibu: chupa zilisafirije kurudi nyumbani? Buti la gari lililoegeshwa juani hufika joto ambalo mvinyo hauvumilii. Ukiona kizibo kimejisukuma juu kidogo kuliko mdomo wa chupa, au alama ya mvinyo imepanda ubavuni mwa kizibo, chupa hiyo ilipata joto kali, na ladha yake huelekea kwenye matunda yaliyopikwa.

Kuhusu safari yenu ijayo, ushauri wangu ni kwamba mfike mapema, saa ya kufungua milango ikiwezekana, kabla mafundi hawajaanza hata kujaribu vipaza sauti. Kiwanda kidogo kina faida moja ambayo kikubwa hakina: anayekumiminia mara nyingi ndiye aliyepogoa mizabibu na ndiye aliyeamka usiku kupima joto la tangi. Mtu wa namna hiyo hupenda kuulizwa. Muulize zabibu hizo zilikaa na maganda yake kwa muda gani. Muulize kama mvinyo ulikaa katika tangi la chuma cha pua au katika pipa la mwaloni, na kama ni pipa, lilikuwa jipya au limekwisha kutumika, kwa kuwa pipa jipya huongeza tanini na harufu zake lenyewe, za vanila, moshi au mkate uliobanikwa. Lakini swali ambalo lingekusaidia wewe zaidi ni hili: mvinyo huu ni wa kunywa sasa au wa kuweka? Mvinyo mchanga wenye tanini nyingi unaweza kuwa mzuri sana baada ya miaka michache, na mtengenezaji mwaminifu atakuambia hivyo waziwazi.

Mkiwahi mapema mnaweza pia kupata bahati ya kuonjeshwa moja kwa moja kutoka pipani. Mtengenezaji hung'oa kizibo cha juu ya pipa, huingiza mrija mrefu wa kioo, huziba tundu la juu kwa kidole gumba, huuinua mrija ukiwa umejaa, kisha huachia kidole juu ya glasi yako na mvinyo hushuka ukiwa bado na ukungu kidogo. Pipa la kawaida la Bordeaux hubeba lita 225, yaani chupa 300 za mililita 750, na unapokunywa tone hilo unaonja kitu ambacho bado hakijaamua kitakuwa nini. Kwa maoni yangu hakuna dakika nzuri kuliko hiyo katika ziara nzima.

Niongeze tahadhari moja kwa watakaozuru wakati wa mavuno. Zabibu zinapochachuka, chachu hugeuza sukari kuwa kilevi na hewa ya ukaa, na lita moja ya maji ya zabibu hutoa zaidi ya lita 40 za hewa hiyo. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hukaa chini, haina rangi wala harufu inayokuonya, na imewahi kuua wafanyakazi katika maghala ya mvinyo. Msiinamie tangi linalochachuka kwa ajili ya picha, na mkiambiwa msishuke ghalani siku hiyo, msibembeleze.

Nyuzi Sita

Nimesoma maelezo ya Kizibo kwa heshima na nimejifunza mengi, lakini naona swali la muziki halijaguswa, na mimi ndiye ninayelijua kutoka upande wa jukwaa, kwa kuwa napiga gitaa katika mikusanyiko ya namna hii.

Ndiyo, muziki hubadilisha ladha, na jambo hili limepimwa. Mwanasaikolojia Adrian North alichapisha mwaka 2012 utafiti wake kuhusu watu 250 waliopewa glasi ya mvinyo, baadhi yao wakinywa huku muziki wa namna fulani ukipigwa na wengine wakinywa katika ukimya. Waliosikia muziki mzito na wenye nguvu waliuelezea mvinyo kuwa mzito na wenye nguvu. Waliosikia muziki laini na wa taratibu waliuona laini na wa taratibu. Wewe ulisikiliza wimbo wa taratibu jua likitua, ukasema mvinyo umepita kooni laini. Sioni ajabu hapo. Wala macho hayako salama: mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux walitia rangi nyekundu isiyo na harufu katika mvinyo mweupe, wakawapa wanafunzi 54 wa somo la utengenezaji wa mvinyo, nao wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Hao walikuwa wanasomea kazi hiyo hiyo.

Hata hivyo naomba tutenganishe muziki na kelele, maana ni mambo mawili. Muziki ulio katika kiasi chake huielekeza akili upande fulani. Sauti kubwa mno huinyima akili nafasi, na majaribio yaliyofanywa kwa chakula yameonyesha kwamba kelele kubwa ya mazingira hupunguza utamu na chumvi ambavyo mlaji anavihisi. Meza iliyo hatua tano kutoka kwenye spika ni meza ya kucheza, si ya kuonjea. Mahali pa wazi, kila unapouzidisha umbali wako na spika mara mbili, sauti hushuka kwa takribani desibeli 6. Kwa hiyo ukitoka mita 4 ukaenda mita 16 umepunguza desibeli 12, na utashangaa jinsi unavyomsikia mwenyeji wako bila yeye kupaza sauti. Sogea pembeni pia, usikae usawa wa mdomo wa spika, kwa sababu sauti nyembamba hurushwa mbele zaidi kuliko kando. Katika viwanda vingi vidogo, sehemu nzuri ya kusikilizia huwa nyuma kidogo ya katikati, ambapo gitaa na sauti ya mwimbaji vimekwisha kuungana kuwa kitu kimoja.

Nitakachopinga ni wazo kwamba muziki huudanganya ulimi. Mtu aliyeonja mvinyo katika ukimya wa chumba cheupe naye ameuonja katika mazingira fulani, na mazingira hayo nayo yana rangi, mwanga na hisia zake. Mkulima aliyealika bendi amefanya hivyo kwa sababu anaamini mvinyo wake unakwenda na jioni ya namna ile, na mimi naliona hilo kuwa jambo la haki. Kinachotakiwa ni kwamba wewe mnunuzi uwe umeuonja mara mbili: mara moja bila sisi, na mara moja pamoja nasi.

Nina ombi pia kwa niaba ya wapigaji. Uani pa kiwanda kidogo hapana jukwaa la kututenga nanyi, na mara nyingi mwimbaji huona uso wa kila mtu. Tunajua mmekuja kuzungumza, wala hatuhitaji ukimya wa ukumbi mkubwa. Lakini pale wimbo unaposhuka hadi kubaki sauti moja na nyuzi mbili tatu, tafadhalini ahirisheni mjadala wa glasi hadi wimbo uishe. Mapumziko baina ya vipindi ndiyo saa yenu ya kwenda kaunta, kuuliza maswali na kulipia chupa. Na mkipenda wimbo, pigeni makofi hata kama mikono ina glasi. Wekeni glasi mezani kwanza. Kwa kundi la watu watatu linalopiga kwa saa tatu mbele ya meza 15, makofi hayo husikika na hukumbukwa.

Mnunuzi wa Kawaida

Nitasema kwa ufupi. Usinunue chupa nne za mvinyo ulioonja mara moja. Chagua glasi mbili zilizokuvutia, kunywa maji, pumzika dakika 15, kisha omba uonjeshwe tena zile mbili tu, bila jibini na ukiwa mbali na spika. Sijawahi kunyimwa ombi hilo katika kiwanda kidogo, na zaidi ya mara moja nimebadili uamuzi wangu.

Pia usijipake manukato siku hiyo. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ni harufu inayopanda kutoka nyuma ya kinywa kwenda puani, na manukato ya mtu mmoja huifunika meza nzima.

Asiyekunywa

Swali la mwisho la mleta mada limenigusa, kwa sababu mimi ndiye mume huyo katika familia yetu. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwapeleka mke wangu na ndugu zake katika ziara hizi, sijawahi kuonja hata tone, na bado naziona siku hizo kuwa miongoni mwa siku zangu nzuri.

Kwanza niseme jambo la hesabu, maana dereva ndiye anayepaswa kulijua. Glasi tano za kuonjea zenye mililita 50 kila moja ni mililita 250, yaani theluthi moja ya chupa. Kama mvinyo una kilevi cha asilimia 13, hapo pana takribani gramu 25 za kilevi halisi, na mwili wa mtu mzima huondoa gramu 7 hadi 10 hivi kwa saa. Aliyemeza zote tano anahitaji karibu saa tatu ili mwili umalize kazi hiyo, na wala kahawa wala maji wala hewa ya jioni havitaiharakisha. Wanaosema kwamba wameonja tu, hawakunywa, hawajapiga hesabu hii. Mnaoonja mkitaka kubaki na akili ya kulinganisha glasi ya kwanza na ya tano, temeni. Kile chombo cha kutemea kilichopo mezani kimewekwa kwa ajili hiyo, wataalamu wote hukitumia, na mwenyeji haoni kuwa amedharauliwa. Ungeniuliza, ningesema kuna heshima kubwa zaidi kwa kazi ya mkulima katika kutema na kukumbuka kuliko katika kumeza na kusahau. Mjamzito asionje kabisa, hata kwa kutema, kwa kuwa kiasi kidogo hupenya kupitia kinywani.

Sasa kuhusu kushiriki. Mume wako ana pua, na pua haihitaji kilevi. Mpe kila glasi kabla hujaionja. Aishike kwenye mguu wake na si kwenye tumbo, ili mkono usiipashe moto, aizungushe taratibu mara tatu nne ili harufu zifunguke, kisha aiweke puani na aseme anachokiona kabla wewe hujasema chochote. Glasi nzuri ya kuonjea ni nyembamba mdomoni kuliko tumboni, ili harufu ikusanyike juu, na hujazwa theluthi moja tu ili ibaki nafasi ya kuizungusha. Nilipoanza kufanya hivi sikuwa na maneno. Nilisema tu, hii inanukia kama daftari jipya, hii kama udongo baada ya mvua. Mke wangu aliyaandika. Leo hii, akitaka kununua, huniuliza mimi niliyenusa kwanza, kwa sababu nahukumu glasi ya tano nikiwa na kichwa kilekile nilichohukumia ya kwanza. Siku moja nilisema glasi fulani inanukia kama boksi la karatasi lililoloa maji, mwenyeji akaichukua, akanusa, akaimwaga papo hapo na kufungua chupa nyingine: kizibo kilikuwa kibovu, na waliokuwa wakinywa hawakuwa wamegundua.

Ulizeni pia kama kuna maji ya zabibu yasiyochachushwa. Viwanda kadhaa vidogo huyahifadhi, hasa karibu na majira ya mavuno, na kuyaonja kando ya mvinyo wa zabibu zilezile ni somo zuri hata kwa wanaokunywa: unaona sukari iliyokuwapo kabla chachu haijaila. Na kama hakuna, matembezi kati ya safu za mizabibu hayahitaji glasi. Mwombe mwenyeji amwonyeshe mume wako mahali mzabibu ulipopandikizwa. Mizabibu mingi duniani leo imesimama juu ya mizizi ya jamii za Marekani, kwa sababu ya mdudu filoksera aliyeanza kuangamiza mashamba ya Ufaransa katika miaka ya 1860 na ambaye mizizi hiyo humvumilia. Kovu la kupandikiza huonekana kama uvimbe karibu na ardhi, na ukiligusa unagusa historia ile kwa kidole.

Msafiri wa Jumamosi (mleta mada)

Ndugu zangu, nawashukuru kwa moyo wote. Nimesoma kila neno mara mbili, na dada yangu pia amesoma.

Ndugu Kizibo, umeniuliza maswali mawili na majibu yangu kwa yote yananishitaki. Ubao ulikuja na jibini, na sasa nakumbuka kwamba glasi ya nne tuliinywa tukiwa tunatafuna. Kuhusu gari, tulipotoka tulipitia kwa jamaa, tukakaa hadi usiku, kisha chupa zikasahaulika ndani ya buti hadi kesho yake mchana, na siku hiyo jua lilikuwa kali. Nimezichunguza chupa tatu zilizobaki. Mbili vizibo vyake viko sawasawa na mdomo wa chupa. Moja kizibo kimeinuka kiasi cha unene wa ukucha.

Jana nilifanya jaribio. Nilichukua chupa moja katika zile mbili, nikaiweka kwenye jokofu kwa dakika 25, nikammiminia dada yangu glasi mbili bila kumwambia chochote: moja aionje peke yake, nyingine aionje na kipande cha jibini. Kwa ile ya kwanza alisema bado inakausha ulimi, ila haichomi tena puani na harufu ya matunda imerudi. Kwa ile ya pili alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Huu ndio wenyewe." Mume wangu alinusa glasi zote mbili kabla yake, akasema zinanukia zambarau zilizoachwa juani. Nimeyaandika maneno hayo nyuma ya bahasha na kuibandika kwenye mlango wa kabati.

Nimekwisha kuwaandikia wenyeji wetu kuwauliza kama tunaweza kufika saa mbili kabla ya bendi, nao wamejibu kwamba tunakaribishwa, na kwamba mzee mwenyewe atakuwapo ghalani asubuhi hiyo akijazia mapipa. Tutaonja kwa utulivu, mume wangu akitangulia kunusa, tutatema, na nitamuuliza mzee kuhusu maganda, pipa, na kama ule mwekundu ni wa kunywa sasa au wa kuweka. Meza ya nyuma kidogo ya katikati nimeiomba rasmi. Bendi ikianza, glasi zitakuwa zimeondolewa, isipokuwa moja ya ule wa nne, ambayo nitaionja tena wimbo wa taratibu ukipigwa. Chupa yenye kizibo kilichoinuka nitaibeba nimwonyeshe mzee, si kwa kudai, bali ili aione na aniambie kilichoipata.